Sura ya Saba: Salama Zilizochelewa

"Nirudie tena?" mwanamke aliuliza.

"Rudia," mpelelezi alisema. "Taratibu."

Askari wa mlangoni aligeuka ukutani kuficha tabasamu. Neno hilo ndilo lililompa mpelelezi jina lake pale kituo cha polisi. Kuanzia mpishi wa kantini hadi mkuu mwenyewe, wote walimwita Taratibu, naye alikuwa ameacha kulikasirikia zamani.

Mwanamke aliyekaa mbele yake naye alikuwa na jina la kazini. Walimwita Macho. Kazi yake kwenye kituo cha pampu za majitaka ilikuwa kukaa mbele ya skrini na kuwaangalia wenzake wanaoshuka chini ya ardhi. Hakuwaona sura. Aliwaona kwa vidude vidogo walivyovaa mkandani, ambavyo wenyewe waliviita pua. Pua ilinusa hewa. Hewa ikiwa nzuri, kila baada ya muda ilituma juu neno moja tu, SALAMA, na skrini ikabaki kijani. Hewa ikichafuka, ilituma HATARI. Hapo skrini ikawa nyekundu, na Macho akatakiwa kuwasha feni kubwa na kupiga king'ora.

Siku ambayo fundi wa pampu alishuka na kutolewa maiti, feni haikuwashwa. Pua yake ilitolewa pamoja naye ikiwa inawaka taa nyekundu mkandani. Yaani pua iliinusa gesi. Lakini kwenye skrini ya Macho haikupatikana HATARI hata moja, na mkuu wa Taratibu akajumlisha haraka: pua ilisema, skrini imefutwa, na aliyekaa kwenye skrini alikuwa mtu mmoja. Tena marehemu alikuwa mume wa mdogo wake Macho. Tena nusu ya wafanyakazi walimsikia Macho akimwambia shemeji yake getini, kwa sauti isiyohitaji tafsiri, "Iko siku utazama humo, na mimi nitakukodolea tu."

Kesho asubuhi angefikishwa mahakamani kwa shtaka la kuua.

"Ulimwambia hivyo?" Taratibu aliuliza.

"Nilimwambia. Alikuwa amempiga mdogo wangu mpaka jicho likafumba. Ulitaka nimwimbie?"

"Na siku ile skrini ilikuwaje?"

"Kijani. Ilinyamaza muda mrefu, lakini kijani."

"Kimya hakikukushtua?"

"Afande, pale kimya ndiyo kawaida. Wakishuka zinanyamaza, wakipanda zinasema. Tuliuliza, tukajibiwa ni mtandao. Siku hizi kila kitu mtandao. Hata mume akichelewa kurudi, mtandao."

"Halafu?"

"Halafu wenzake wakaona amekawia, wakashuka. Nikasikia mayowe yanapanda ngazi, kwamba wamemkuta kaanguka. Na hapo hapo…" Alisita, akafuta kiganja kwenye sketi. "Hapo hapo skrini ikaanza. Salama. Salama. Salama. Zinaangukiana kama mvua kwenye bati. Huku nasikia shemeji hapumui, huku mwenyewe ananiambia yuko salama."

Taratibu hakuandika kitu.

"Mkuu wako anasema hizo salama ndizo zinazonifunga," Macho aliendelea. "Eti kama salama zilipita, hatari ingekosaje kupita?"

"Ni swali zuri."

"Na jibu lake?"

"Bado sina."

"Angalau wewe husemi mtandao," Macho alisema.

Msimamizi wa kituo cha pampu alikuwa mtu mnene mwenye kikohozi cha kudumu. Alimtangulia Taratibu kwenye ngazi za zege, mkono mmoja ukutani, na kadiri walivyoshuka ndivyo kuta zilivyozidi kutoa jasho. Mwisho wa ngazi palikuwa na mlango mzito wa chuma. Mtu alikuwa ameandika juu yake kwa rangi nyeupe: MLANGO UFUNGWE MUDA WOTE.

"Kwa usalama?" Taratibu aliuliza.

"Usalama wapi! Harufu. Mhasibu ana ofisi pale juu, mwanzo wa ngazi. Mlango ukiwa wazi wakati anakula, anampigia simu meneja, meneja ananipigia mimi, na mimi sina wa kumpigia."

"Siku ile ulikuwa umefungwa?"

"Siku zote unafungwa. Mtu akishuka tunamfungia kama mkate kwenye tanuri." Msimamizi alilisikia neno lake mwenyewe likirudi kutoka ukutani. Alikohoa, akainamia viatu vyake. "Namaanisha, ndiyo. Ulikuwa umefungwa."

"Alikaa ndani muda gani kabla ya kuanguka?"

"Kitambo. Kwanza alibadilisha boliti za pampu, kazi ya kuudhi lakini haina gesi. Wenzake walimsikia akigonga. Baadaye akafungua bomba lililoziba. Gesi ile ikikukuta umeinama, hata taa nyekundu ya mkandani huna nafasi ya kuiona. Pumzi mbili, umelala. Ndiyo maana tukawekewa mtu wa juu wa kutuangalia."

"Naomba nifungie."

"Nini?"

"Niingie, unifungie. Feni iwake."

Msimamizi alimtazama kama anayetazama mtu anayeomba kaburi la kujipimia, lakini akafanya. Feni ikanguruma, mlango ukabamizwa. Ndani palikuwa na balbu moja na pampu nne zilizokuwa zikihema kama wagonjwa katika wodi moja. Taratibu alitoa simu yake. Vijiti vya mtandao vilishuka kimoja kimoja, kisha vikatoweka. Alizunguka chumba kizima akiwa ameinua mkono na simu. Juu ya pampu, hakuna. Kwenye kona, hakuna. Alipitisha vidole kwenye kingo za mlango kutafuta ufa, hakuupata. Alikaa humo mpaka mwenzake wa nje alipoanza kugonga kwa wasiwasi.

Mlango ulipofunguliwa, simu ilitetemeka mkononi mwake mara tatu mfululizo. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa mkewe, akiuliza kama atarudi kula. Wa pili, akiuliza kama amesikia. Wa tatu ulisema: basi.

Taratibu alisimama kwenye kizingiti akausoma wa tatu mara mbili.

"Kuna habari mbaya?" msimamizi aliuliza.

"Habari za zamani," Taratibu alisema. "Zilikuwa zinangoja mlango."

Ngazi alizipanda polepole, akizipanga hoja. Salama alizoziona Macho hazikusemwa wakati ule alipoziona. Zilisemwa mapema, fundi akiwa anagonga boliti zake, zikangoja ndani mpaka waokoaji walipofungua mlango. Hapo mwanamke alikuwa amesema kweli. Lakini hatari nayo ilipaswa kungoja pamoja nazo, kisha kutoka pamoja nazo. Mkewe alituma jumbe tatu na zote tatu zilifika, hata ile ambayo angefurahi isifike. Kwa hiyo ama hatari ilifika ikafutwa, au ilipotea ndani ya pua yenyewe. La kwanza lilimpeleka Macho jela. La pili lilimhitaji mtu aliyeitengeneza pua.

Mtu huyo alifika mchana ule ule, amebeba mkoba begani. Kwenye karakana yao ya vifaa walimwita Injinia tu, kana kwamba hakukuwa na wengine. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na aliposalimia alimwamkia hata askari wa mlangoni. Mkuu wa kituo aliingia nyuma yake, akavuta kiti, akaangalia saa yake ili wote waone kwamba ameiangalia.

"Programu ya kupeleka ujumbe sikuitunga mimi," Injinia alieleza. "Iliandikwa na watu wengine, kwa ajili ya kompyuta kubwa. Sisi tunaita maktaba, maana unachukua yaliyokwisha kuandikwa na kuyatumia. Kazi yangu ilikuwa kuihamishia kwenye pua."

"Kuhamisha ni kunakili?" Taratibu aliuliza.

"Ingekuwa kunakili ningemaliza siku moja. Kompyuta ni nyumba ya ghorofa, Mzee. Pua ni chumba kimoja na choo cha nje. Ukihamisha familia kutoka kule kuja huku, lazima kuna kabati litabaki uani."

"Uliacha nini uani?"

"Visivyo vya lazima."

Taratibu aliitikia kwa kichwa. Kisha akaonyesha kabati la chuma pembeni mwa chumba, lile la kuhifadhia vielelezo. Alikuwa amelitoa mafaili yote. "Hicho ndicho chumba chetu cha pampu. Pua uliyokuja nayo inaingia humo. Tunafunga, tunangoja, halafu tunapuliza gesi yako ya majaribio kwa tundu la ufunguo. Kompyuta yako hapa mezani ndiyo skrini."

"Kwa nini kabati?" Injinia aliuliza haraka.

"Kwa sababu sina handaki."

Walifanya hivyo. Pua ikawashwa, taa yake ikapepesa, ikaingizwa kabatini. Mlango ulipofungwa, kompyuta ilinyamaza. Walingoja. Mkuu aliangalia saa tena, askari akapiga miayo mpaka machozi yakamtoka. Kisha Injinia alipitisha mrija mwembamba kwenye tundu, akafungua chupa ya gesi kidogo, akaifunga. Taratibu akafungua kabati.

Skrini ikawa nyekundu papo hapo. HATARI. Salama zikafuata nyuma yake, moja baada ya nyingine, kama wapambe.

Mkuu alipiga paja. "Umeona? Tena hatari ndiyo iliyotangulia! Mwanamke yule aliiona, akaifuta, akakaa akitazama mume wa mdogo wake anakufa. Taratibu, ulitaka ushahidi, umeupata. Funga jalada, mtu aende mahakamani."

"Bado moja," Taratibu alisema. Alivaa glavu, akafungua mfuko wa vielelezo uliokuwa mezani tangu asubuhi, akatoa pua ya pili. Mkanda wake ulikuwa na madoa yaliyokauka. "Hii ndiyo aliyovaa marehemu. Niliomba kibali, nimepewa."

"Zote ni sawa tu, Mzee," Injinia alisema. "Zimetoka mkono mmoja."

"Sawa kabisa?"

"Mapacha."

Taratibu aliziweka mbili hizo ubavu kwa ubavu, akazizima, kisha akaziwasha kwa pamoja. Pua ya karakana ilipepesa taa mara tatu. Pua ya marehemu ilipepesa mara mbili. Alizizima tena, akaziwasha tena. Tatu. Mbili.

"Betri," mkuu alisema.

Taratibu alimgeukia Injinia, aliyekuwa akitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. "Taa ikiwaka, inahesabu nini?"

"Toleo la programu."

"Basi mapacha hawa wamepishana kuzaliwa. Toleo la tatu lilitoka lini?"

Nje ya dirisha gari lilikuwa likijaribu kuwaka, likishindwa, likijaribu tena.

"Injinia."

"Baada ya mazishi," Injinia alisema.

Mkuu aliacha kuangalia saa.

Jaribio la pili walilifanya bila maneno. Pua ya marehemu iliingizwa kabatini, mlango ukafungwa, wakangoja, gesi ikapulizwa. Taratibu aliinama kwenye tundu la ufunguo kwanza, kisha akampisha mkuu aangalie. Ndani, gizani, taa nyekundu ilikuwa inawaka. Kabati likafunguliwa. SALAMA, skrini iliandika. SALAMA. SALAMA. Zilikuja zimebanana, zikafika nane, zikakoma. Wote wanne waliendelea kuitazama skrini. Haikuja nyingine. Rangi ilikuwa ya kijani, kijani kibichi cha majani baada ya mvua.

"Iko wapi?" mkuu aliuliza, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kwa sababu hajui.

"Haipo," Injinia alisema. "Ilitupwa." Aliomba maji, akapewa, akashika glasi bila kunywa. "Kila ujumbe usiopata mtandao unapanga foleni. Foleni ya pua ina nafasi nane, zaidi ya hapo haikuenea. Kwenye kompyuta kubwa foleni ikijaa, anayetuma anasubiri. Pua haiwezi kusubiri. Ikisimama kusubiri, haitanusa. Kwa hiyo lazima mmoja atupwe, aliyetangulia au anayekuja. Nikaandika atupwe anayekuja."

"Kwa nini huyo?" Taratibu aliuliza.

"Ofisi ilitaka mchoro wa salama usiokatika. Walinilalamikia mapengo. Nikasema, aliyetangulia asinyang'anywe nafasi. Ilionekana haki."

"Na hatari nayo ni ya kupanga foleni?"

Injinia alitikisa kichwa. "Kwenye maktaba yenyewe hatari ina mlango wake wa pembeni. Haikai nyuma ya mtu. Ule mlango ndio niliouacha uani. Nilijiambia nitaurudisha nikipata nafasi. Na hatari nilikuwa nimeipanga iseme mara moja tu, betri isiishe." Aliweka glasi chini. "Nilijaribu, Afande. Msiseme sikujaribu. Nilijaribu mezani. Nikajaribu dirishani. Nikapanda nayo hadi juu ya paa. Kila mahali mtandao ulikuwepo, foleni haikujaa hata siku moja."

"Chini hukujaribu?"

"Chini kunanuka."

Alilisema kwa urahisi, kama mtu anayejibu swali la kawaida. Kisha akalisikia. Taratibu alimwona akilisikia: mabega yalishuka, mdomo ukabaki wazi kidogo, na mkono ukaenda kwenye pua ya marehemu na kurudi bila kuigusa.

"Ulijua lini?" mkuu aliuliza.

"Nilipoambiwa skrini haikuona kitu. Sikuhitaji hata kufungua kompyuta."

"Ukanyamaza! Mama wa watu yuko ndani kwangu!"

"Nilizunguka kituo kwa kituo. Nilibadilisha pua zote kwa mkono wangu. Nilifikiri hiyo ndiyo ya kwanza, asife mwingine. Na hafi mwingine, Mkuu, zote nimezirekebisha. Hii ya pili, ya kuja hapa… kila nikiamka nasema ni leo."

"Zote ulizirekebisha," Taratibu alisema, "ila hii iliyokuwa kwetu. Na yule aliyekuwa kwetu."

Hakupaza sauti. Alisogeza karatasi na kalamu mbele ya Injinia. "Andika kama ulivyosema. Hapa nafasi ipo, usipunguze kitu. Mambo ya kituo cha pampu na ule mlango yatakuwa na karatasi yake."

Mkuu alibaki ameketi muda mrefu kuliko kawaida yake. Alipoinuka alijifuta uso kwa kitambaa. "Mtoe," alisema, na akatoka bila kusema nani.

Mdogo wake Macho alikuwa kwenye benchi la mapokezi, amejitanda nguo nyeusi. Aliitwa kusaini maelezo yake ya mwanzo, yale aliyoeleza maneno ya getini. Taratibu alikaa kando yake. Alimweleza yote kwa maneno mepesi, bila foleni wala toleo: mlango, kimya, kile kidude kilichosema na hakikusikika. Mjane alisikiliza akiwa ameukazia macho ukuta.

"Kwa hiyo zile salama," alisema mwishowe, "alikuwa hai?"

"Wakati zinatumwa, ndiyo."

"Na wakati zinafika?"

"Hapana, mama."

Aliitikia kwa kichwa, kama aliyepewa bei ya kitu.

Macho aliletwa na askari. Alikuwa amepungua, mkononi ana mfuko wa plastiki wenye nguo zake. Alimwona mdogo wake, akasimama mbali kidogo, hatua ambazo mtu huwaachia wagonjwa.

"Umeambiwa?" Macho aliuliza.

"Nimeambiwa."

"Sikuiona, mdogo wangu. Wallahi, haikuja."

"Nimeambiwa, dada." Mjane alikunja karatasi ambayo hakuisaini, akaikunja tena. "Heri ungekuwa wewe."

Askari wa mapokezi aliinua kichwa. Taratibu alimwashiria atulie.

"Wewe nilishakuzoea," mjane alisema, bado anaukabili ukuta. "Nilikuchukia, nikaamka, nikakuchukia tena. Ningekuchukia mpaka nichoke, halafu ningekusamehe, maana nakujua. Sasa kile kidude nitakifanya nini? Na huyo mtu wao simjui hata sura. Anaandika huko juu na kalamu, na mimi simjui. Mume wangu mwenyewe sijui nimlilie vipi. Jicho langu lilikuwa halijapona."

Macho alishusha mfuko wake sakafuni.

"Basi nichukie mimi kwanza," alisema. "Mimi nipo."

Mjane aligeuka, akamtazama dada yake kwa mara ya kwanza tangu Macho alipoletwa. Alimtazama kuanzia viatu visivyo na kamba hadi nywele. Kisha alisimama, akaokota ule mfuko wa nguo kutoka sakafuni, akautia kwapani, akatangulia mlangoni bila kumngoja.